Swali la Gavana Harrow

...na sasa amenyamaza, Mburu amenyamaza kizimbani, maneno yake yote yamebaki kwangu, zamu ni yangu, Jaji ameinua kalamu anasubiri, na hii ndiyo kazi yangu, miaka sita nasimama hapa katikati, Mkikuyu akisema nasema kwa Kiingereza, mzungu akisema nasema kwa Kikuyu, maneno yanaingia kwa sikio yanatoka kwa mdomo, hayalali kwangu hata siku moja, kule Ruiru hawaniiti Kagwe tena, wananiita Kanua, yaani Mdomo, nikipita sokoni wanasema Mdomo huyo anapita, nyamazeni... na leo mdomo umekauka, ulimi umelala kama kipande cha ngozi, harufu ya ngozi na maganda ya miwati, miti ya kulainishia ngozi, inaingia kwa dirisha kutoka upande wa viwanda, Thika nzima inanuka maganda yaliyochemshwa asubuhi ya Julai kama hii, ukungu umekataa kuondoka, na amesema nini, Kagwe, sema tu amesema nini, amesema Jumamosi ile saa sita mchana sikuwa mtoni Ndarugu na watu wa bunduki, nilikuwa Gatongora, kwa mama anayeitwa Waithira, nikichimba kaburi la mume wake, mwana wao wa pekee hakuwapo, kwa hivyo nikachukua jembe nikasimama mahali pake. Basi. Hayo tu. Maneno ambayo ningeyageuza kwa Kiingereza hata nikiwa nimelala, kaburi, jembe, Jumamosi, sentensi za darasa la nne, ila Waithira wa Gatongora ni mama yangu, na aliyezikwa ni baba yangu, na mwana ambaye hakuwapo ni mimi.

"Mkalimani?" anasema Jaji, bila ukali, ni mzee mwenye mafua, kitambaa cha kupengea amekiweka kando ya daftari lake, si mtu mbaya, ningetamani awe mtu mbaya, kazi ingekuwa rahisi, na mimi nasema, "Naomba dakika moja, Mtukufu, nataka niwe na hakika," naye anaitikia kwa kichwa, anapenda hakika, alishaniambia mara mbili kwamba mimi ni mkalimani makini, na nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilitembea mpaka kituo cha treni nikiwa naona miguu yangu haikanyagi chini... namgeukia Mburu, namwambia kwa lugha yetu, "Hebu rudia ulivyosema," ananitazama, ni mtu wa miaka kama thelathini, mkata matawi ya kahawa, mabega mapana, sikio la kushoto limechanika zamani, anasema, "Umesikia." "Rudia, Jaji anataka kuwa na hakika." "Jaji hajasikia kitu," anasema Mburu polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "wewe ndiye umesikia." Na ni kweli nimesikia, na humu ndani nani mwingine amesikia, wakili wake Mahesh hajui Kikuyu, anapekua karatasi zake, mwendesha mashtaka anatazama saa, wazee watatu wa kumshauri Jaji wameletwa kutoka Ukambani ili wasiwe na undugu na mtu yeyote kesini, wawili wanasinzia kwa baridi, ni mzee Kitheka tu, yule wa mwisho kulia mwenye koti la jeshi, lugha yake na yetu ni ndugu, anashika neno moja anaacha mawili, na sasa ameinua kichwa, ananitazama, labda ameshika kaburi, labda hajashika chochote, labda ni shingo tu inamuuma. Askari wa mlangoni ni mtu wa mbali, hajui lugha yetu. Kwa hivyo ni sisi wawili. Mburu na mimi. Na yeye maneno yake yakitoka kwangu yameharibika hatajua, atasimama pale akiamini amesema, na kesho kutwa au wiki ijayo watamwamsha.

Maana adhabu ni kamba, kila mtu humu anajua, mtu akionekana na watu wenye bunduki siku hizi za Hali ya Hatari hahitaji kuwa ameishika yeye, inatosha alikuwa nao, na homugadi mmoja, mlinzi wa kijiji wa serikali, ameapa hapa asubuhi kwamba alimwona, kwa macho yake, mtoni Ndarugu, Jumamosi, saa sita, nimemtafsiri mimi mwenyewe, neno kwa neno, sikuacha hata kikohozi chake... na mbona Mburu hakusema mapema, siku tatu zilizopita Mahesh alipewa robo saa kuongea naye kule korido, nikiwa katikati, "Mwambie aniambie alikuwa wapi siku hiyo," akasema Mahesh, nikamwambia, naye Mburu akanitazama vilevile kama sasa, akasema, "Mwambie nitasema mbele ya Jaji," Mahesh akapiga paja, "Nitamtetea na nini, na hewa?" nami nikadhani huyu ni kichwa kigumu tu, mmoja wa wale wanaoona kunyamaza ni ushujaa, kumbe alikuwa ananijua, alijua mimi ni mwana wa nani, alikuwa anatafuta mahali pa kusemea ambapo neno haliwezi kumezwa, au labda alikuwa ananipa siku tatu nijitoe, niseme Mtukufu mimi siwezi kesi hii, niletewe mtu mwingine, na mimi nilizitumia siku hizo tatu kupiga pasi shati.

Nikitaja jina watamfuata kabla jioni haijaingia. Landrova itapita kwenye daraja la mtaro uliochimbwa kuzunguka Gatongora, itasimama katikati ya kijiji kile kipya serikali ilimowakusanya watu wetu, watamwita Waithira, atatoka akifunga kitambaa kichwani, miaka sitini na tatu, kifua chake kinapiga filimbi akipanda hata kilima kidogo, watamshtaki kwa lipi, kwamba alimpokea mtu asiye na ruhusa ya kuingia kijijini, akampa uji, akampa jembe, akamficha mpaka jua likashuka, akina mama wamepelekwa kambini kwa kidogo kuliko hicho, kwa kibuyu cha maji tu, na mimi niliweka sahihi kwenye fomu ya kazi hii, sehemu ya saba, kwamba katika jamaa zangu hakuna hata mmoja aliyewahi kuwasaidia watu wa bunduki, karani wa serikali, mkalimani makini... Na nisipotaja? Nisipotaja ni rahisi mno, ni pumzi moja tu, nasema, Mtukufu, anasema hakuwa pale mtoni, alikuwa kwenye mazishi ya mzee fulani mahali pengine, hataji vizuri, Jaji ataandika hilo, kalamu itakwaruza kidogo tu, mstari mmoja, mshtakiwa alisema alikuwa mahali pengine, na kila mshtakiwa husema alikuwa mahali pengine. Sitakuwa nimedanganya. Nitakuwa nimefupisha. Na nimeshafupisha mbeleni, usijifanye, Kagwe, mwaka jana yule mzee wa Mwihoko aliyesimama palepale aliposimama Mburu, walimuuliza mara ya nne kama kibuyu kilichokutwa msituni ni chake, akasema nimechoka, andikeni mnavyotaka, nami nikasema anakubali, Mtukufu, neno moja badala ya matatu, ilikuwa karibu saa ya chakula, wakamwandikia miaka saba akashuka ngazi akishikilia ukuta, hata jina lake limenitoka. Hakusema lolote la maana. Nilijiambia hivyo siku hiyo nikila viazi pale nje, hakusema lolote la maana, na sentensi hiyo si yangu, najua ilikotoka, ilikuwa kwa kitabu, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, maisha ya Gavana Lemuel Harrow, mtawala wa jimbo moja kule Amerika miaka ya babu zetu, kitabu kisicho na jalada.

Shule ya misheni ilikuwa na kitabu hicho kimoja tu cha Kiingereza kilichotosha kusomwa na darasa zima, mmishonari fulani alikuwa amekiacha akirudi kwao, na Mwalimu Wamalwa, mtu wa Kavirondo kule magharibi, mrefu, suruali yake kila mara fupi, alikikata uzi akakigawa kurasa kwa kurasa, kila dawati vipande vyake, tukasoma kwa sauti miaka miwili, Lemuel Harrow alizaliwa maskini, ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiingereza niliyowahi kusema nzima bila kukwama, ila sisi tulisema Remueri Haro, Wamalwa akipiga meza, "Lemuel! Ulimi juu!" na ulimi haukwenda juu... alizaliwa katika nyumba ya magogo, mama yake akafa angali mdogo, akatembea siku nne bila viatu kwenda kuwa mwanagenzi wa mtengeneza ngozi, akiponda maganda ya miti kwa nyundo siku nzima, mikono ikawa ya kahawia haioshiki, nasi tuliijua harufu hiyo, ilikuwa ndiyo hii hii ya Thika ikitufikia upepo ukigeuka, kwa hivyo tulimpenda, alikuwa mtu wa kwetu, akajifundisha sheria kwa kitabu cha kuazima, akawa wakili wa wale wasio na wakili, akaenda vitani akarudi na mguu mmoja mkavu, akaingia baraza la jimbo lao, akapigania shule ya viziwi, akapigania reli ipite kwa wakulima wadogo, na kufika miaka arobaini na moja watu wa jimbo zima wakampa ugavana, akaapa amevaa viatu alivyovishona mwenyewe. Hapo darasa lilipiga makofi kila mara. Kila mara, hata mara ya kumi. Halafu ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, kipande kilichokuwa kwa dawati langu, hapo mzungu mmoja mlowezi anakutwa ameuawa kwenye kivuko cha mto, katika bonde ambamo wenyeji walikuwa wametolewa miaka miwili nyuma, na anakamatwa mtu, kitabu hakimpi jina, kinasema tu Indian, nami nilikuwa najua Indian ni Mhindi, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Pradip pale Ruiru alipokuwa anapima kitambaa, nikamuuliza, "Kwa nini nyinyi mlimuua mzungu kwenye kivuko?" akashusha fimbo ya kupimia, "Gani kivuko? Mimi iko duka tu!" kisha akanipa peremende niondoke, nadhani aliogopa kweli, mzee wa watu, aliogopa kivuko asichokijua... na Wamalwa akacheka mpaka akakaa chini, akatueleza kwamba hao ni wengine, ni wale waliokuwa na ardhi ile kabla, na akaacha kucheka ghafla, akatazama dirisha, akasema endelea kusoma, Kagwe. Nikasoma. Mshtakiwa alisema kupitia mkalimani, na hakusema lolote la maana. Akahukumiwa kunyongwa. Daktari mmoja mcha Mungu akamwandikia Gavana barua ya kuomba msamaha, akasema huyu mtu ana habari ya mahali alipokuwa lakini haijaeleweka, na Gavana akakaa na barua hiyo siku tatu, hakula, akazunguka bustani yake ya matofaa, uchaguzi ulikuwa mwezi uliofuata na walowezi wa bonde lile walikuwa wengi, siku ya nne kwa moyo mzito akaiacha sheria ifuate njia yake. Kwa moyo mzito. Wamalwa alitufanya tuandike hayo mara tano kama mfano wa kusema vizuri. Akachaguliwa tena.

"Kati ya watu wote wa kitabu hiki," Wamalwa alituuliza siku ya mwisho, "ungependa kuwa nani?" darasa zima likapiga kelele, Gavana! Gavana! na mimi nikiwa wa kwanza, "Na wale wengine?" akasema, "hakuna anayetaka kuwa mmoja wa wale wengine?" wengine gani, daktari, mke wa Gavana, mlowezi aliyeuawa, hakuna aliyemkumbuka mkalimani, hana sura, hana nguo, hana umri, yuko kwa neno moja tu, kupitia, kama mtu anavyopitia shimo kwenye ua... nilimwambia baba yangu jioni hiyo kwamba nitakuwa gavana, alikuwa anafunga mlango wa zizi, akauliza, "Gavana wa nani?" na hakungoja jibu.

"Mkalimani, kuna shida?" ni Jaji, amepenga kamasi, kalamu bado iko juu, nasema, "Hakuna shida, Mtukufu, ni neno moja lina maana mbili," uongo, hakuna neno hata moja lenye maana mbili katika yote aliyosema, kaburi ni kaburi, mwana ni mwana, Mahesh ameacha kupekua, amenyoosha shingo, wakili ananusa kitu, na Mburu amesimama na mikono yake juu ya ubao, ile mikono, sijaiangalia mpaka sasa, ile ndiyo mikono iliyomshusha baba... siku tisa alikohoa, baba, walipopewa saa chache kuhama aliukataa mkokoteni wa jirani, akabeba mlango wa nyumba yake mgongoni kwenye mvua ya Juni, mlango wa mvule alioununua ujana wake, akasema nyumba mtachoma lakini mlango nakwenda nao, akafika kijijini amelowa mpaka mifupa, na Ijumaa jioni jirani yetu Magdalene akaja Thika, akanisubiri nje ya ofisi na viatu vyake mkononi, "Baba yako ameenda, Kagwe, wanazika kesho kwa sababu kijijini hawaruhusu maiti kukaa," nami nikasema pole kana kwamba ni yeye aliyefiwa, nikasema nitaomba ruhusa, na sikuomba, hiyo ndiyo kweli yenyewe, sikuomba, nilijiambia kibali cha kuingia kijijini kinachukua siku mbili, nilijiambia kesi ya Jumamosi haina mkalimani mwingine, nilijiambia Jaji ananitegemea, lakini sikufungua mdomo kuomba, niliogopa watakavyoandika, mkalimani ana jamaa kule, mkalimani alikwenda kule, na Jumamosi saa sita mchana nilikuwa nimesimama hapa, kwenye ubao huu huu wa sakafu, nikitafsiri maneno ya fundi baiskeli, na mtu nisiyemjua alikuwa Gatongora ndani ya shimo mpaka mabegani. Jumapili nikafika, kofia yangu ya serikali ikanipitisha langoni bila kibali. Udongo ulikuwa umepangwa vizuri, kingo zimenyooka, mtu aliyechimba hakuharakisha, ingawa alikuwa na kila sababu ya kuharakisha, nikamuuliza mama, "Maitu, nani amechimba?" alikuwa anachagua maharagwe, "Maitu, nataka kumshukuru," akasema bila kuinua macho, "Usiniulize jina. Jina ukilijua utalitafsiri." Mama yangu mzazi. Alisema hivyo kama mtu anayesema moto unachoma, bila hasira hata kidogo, akaendelea na maharagwe yake, nami nikakaa pale kwenye kigoda na kofia yangu ya serikali mapajani, nikaona ule mlango wa mvule umeegeshwa ukutani, haukutosha kwenye nyumba mpya, walikuwa wamembeba baba juu yake mpaka kaburini.

Na kitabu hakikuishia pale kwa uchaguzi, kulikuwa na sura ya mwisho ambayo darasa halikuifikia, muhula uliisha, nikaisoma peke yangu nikiwa na miaka kumi na tisa, Wamalwa alinipa vile vipande vyote vikiwa vimefungwa kamba siku aliyohamishwa, Gavana amezeeka, ameacha siasa, macho yamefifia, anakaa na binti yake kwenye ile bustani ya matofaa, na barua inafika kutoka bonde lile, mtu mwingine kabisa amekufa kitandani na amekiri ni yeye aliyeua kivukoni, miaka ishirini na mbili imepita, binti anamsomea, na yule mzee hasemi masikini, hasemi Mungu anisamehe, anauliza swali moja, "Alisema nini?" Binti haelewi, nani, baba, nani alisema? "Yule mtu. Alisema nini pale mahakamani?" wakaagiza daftari za kesi, zikaja kwa gari la farasi, binti akatafuta, akasoma, mshtakiwa alisema kupitia mkalimani na hakusema lolote la maana, "Lakini alisema nini?" mzee akauliza, wakamtafuta mkalimani, alikuwa mnunuzi wa ngozi aliyeishi na wenyeji akajifunza lugha yao, amekufa siku nyingi, wakawatafuta makarani, hakuna aliyekumbuka, na Gavana Lemuel Harrow aliyejenga reli na shule ya viziwi akawa anamuuliza kila mgeni aliyeingia uani, mchungaji, mchuuzi, mtu wa barua, alisema nini, mpaka siku aliyokufa, na mwandishi wa kitabu anasema hilo linaonyesha ukubwa wa moyo wake, na mimi nikiwa na miaka kumi na tisa nilikubali, nililia hata, nilimlilia Gavana, ni aibu kusema, nilimlilia yule mzee kwenye bustani. Sikumlilia mwingine. Na sasa nimesimama hapa naona jambo ambalo Wamalwa alikuwa anatungoja tulione, kwamba kuna siku moja mnunuzi wa ngozi alisimama kati ya watu wawili, asubuhi kama hii, amekunywa chai au hajanywa, na mtu yule asiye na jina akamwambia maneno, maneno kamili, nilikuwa mahali fulani, kwa mama fulani, nilikuwa nafanya kazi hii, na yule mnunuzi wa ngozi aliyasikia, yalikuwa ndani yake yakiwa mazima, na kwa sababu fulani, labda ni jina alilolijua, labda alikuwa na biashara na walowezi, labda ilikuwa karibu saa ya chakula, akavuta pumzi akasema, hakusema lolote la maana. Ikaisha hapo. Gavana na siku zake tatu bila kula, daktari na barua yake, hao wote walikuja baada ya jambo kuisha. Hawakuwa na la kufanya. Mtu alikuwa ameshanyongwa siku ile ile, na hakuna aliyejua, isipokuwa mmoja, aliyekwenda zake kununua ngozi.

Jaji huyu naye atazeeka. Atarudi kwao, atakuwa na bustani, labda siku moja atauliza, labda hatauliza, hilo si langu... Na maitu? Usijidanganye kwamba atakubariki, hujui, yeye ndiye aliyempa Mburu jembe akijua kinachoweza kumpata, lakini aliyaweka hayo kifuani mwake yeye, hakuyaweka kwako, alikuficha jina ili usiwe na la kusema, na sasa wewe utamtoa kwa mkono wako, watamleta hapa, atapanda ngazi zile akipumua kwa shida, na atakaposimama pale watahitaji mtu wa kumtafsiria na hatakuwa wewe, utakuwa umekaa mahali pengine, labda chini ya ulinzi, na atasema kweli kwa sababu hajui kusema kitu kingine, na labda Mburu ataachiliwa na yeye abaki, au wabaki wote wawili, hakuna anayenihakikishia kitu, hii si hesabu inayotoka sawasawa, ni mama yangu upande huu na mtu aliyemzika baba yangu upande ule, na kati yao kuna mtu anayetafuta neno fupi... nimelitafuta, ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, mahali pengine, mzee fulani, ni tamu kama ile peremende ya Pradip, natamani kulisema kuliko ninavyotamani kupumua, na Mburu hanitazami tena, ametazama dirisha, ukungu, kama mtu ambaye ameshamaliza kazi aliyotumwa.

"Mkalimani," anasema Jaji, na sauti imebadilika kidogo, "mahakama imengoja vya kutosha. Mshtakiwa amesema nini?"

Kalamu iko juu. Mzee Kitheka amekunja mikono ndani ya koti lake. Nasikia sauti yangu ya kazini, ile tambarare, ikianza bila kuniuliza, inasema kwa Kiingereza, "Anasema, Jumamosi hiyo saa sita mchana sikuwa mto Ndarugu. Nilikuwa Gatongora," na hapa ndipo njia inapogawanyika, naiona kabisa, na sauti haisimami, "kwa mwanamke aitwaye Waithira. Nilikuwa nachimba kaburi la mume wake. Mwana wao wa pekee hakuwapo. Kwa hivyo nilichukua jembe na kusimama mahali pake," yote, hakuna hata neno lililobaki kwangu, na kalamu inaandika, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, Mahesh amesimama nusu, mwendesha mashtaka ameacha kutazama saa, Jaji anaweka nukta, anasema asante, kaa chini, lakini mimi sikai, nashika ubao kwa mikono miwili, Jaji ananitazama juu ya miwani, "Ndiyo? Kuna zaidi? Mshtakiwa amesema zaidi?"

"Hapana, yeye amemaliza," nasema, na safari hii hakuna mtu aliyesema kitu kabla yangu, "Mtukufu Jaji, mzee aliyezikwa siku hiyo ni baba yangu."